Hodi Katika Sayari Nyekundu

Usiku wa jana niliota nimepewa kazi ya kuendesha kigari cha magurudumu sita kilichoko sayari nyekundu. Usukani wenyewe ulikuwa mwiko wa ugali. Hakuna aliyeshangaa, nami sikushangaa.

Bosi wangu aliitwa Bi Sikudhani. Miguu yake haikugusa sakafu.

"Babu," akaniambia, "tunataka jambo moja tu. Zamani pale palikalika au hapakukalika?"

"Nitajuaje?"

"Uliza mawe."

Basi naendesha. Jiwe la kwanza linasema liliwahi kukaa chini ya ziwa. La pili linasema kweli, na ziwa lenyewe lilikuwa na maringo.

"Na watu je?" nauliza.

"Sisi mawe hatuingilii mambo ya watu."

Nakata kona, nakuta mawe matatu yamekaa duara, yana masizi. Mafiga. Ya mama yangu.

Maana vumbi lilikuwa limeshageuka Kwemshunde, kitongoji nilikozaliwa. Mabwana wa ardhi walikuja pale na ramani, wakasema hilo ni pori, hapajawahi kukaa mtu, wakatutoa. Tangu hapo nimelala miji mingi. Nikiulizwa kwetu ni wapi, naonyesha pori.

"Bibi, palikalika!" nikapiga kelele. "Andika!"

Bi Sikudhani akachungulia kwenye kioo kilichotuonyesha sayari. "Mawe hujikusanya yenyewe, babu. Ni upepo huo."

"Upepo unapika?"

"Usinikoroge. Sheria ni kupiga hodi. Akiitika mtu, palikaliwa. Asipoitika, pori."

Nikapiga hodi kupitia kigari, mara tatu, kama tulivyofunzwa, nikatega sikio.

Kigari kikasema, "Hodi yenu bado iko njiani. Huku ni mbali, sauti inasafiri kwanza."

"Mbona wewe unajibu sasa hivi?" Bi Sikudhani akakiuliza.

"Nawajua. Jibu hili nililituma jana."

Bi Sikudhani akakunja mkono wa gauni. Alikuwa amevaa saa toka kiganjani mpaka kwapani. "Zote zinasema muda umekwisha."

"Mngoje kidogo, bibi. Mama hatoki nje bila kujifunga kanga. Mpe nafasi ajifunge."

"Wote mnasema hivyohivyo," akasema, akanigonga muhuri kwenye paji la uso: PORI. Kisha akazima taa ya sayari.

Nikaamka hapa gesti, jua limeshatoka. Nikajitazama kwenye kioo cha ukutani. Paji ni safi. Nikajicheka, mzee mzima.

Redio yangu iko juu ya stuli. Haina betri, betri nilizianika dirishani zipate jua. Ikakwaruza.

"Karibuuu!" ikasema sauti ya mwanamke, anahema kidogo, kama mtu aliyetoka haraka. "Nani mwenzangu?"

Wa kuandika hakuwepo.