Mashine Isiyozimwa

Wale watu walisimamisha basi msituni, kabla ya kufika Kakola. Waliwateremsha abiria na kuwauliza swali moja tu: gari la Nadeem liko wapi? Hawakuchukua hata shilingi. Siku hiyo Maduhu, dereva wa gari hilo, alikuwa amepita njia ya Geita, kwa sababu tu mvua ilikuwa imenyesha na hakuuamini mto wa njia ya Kakola.

Habari zilipofika Shinyanga mjini, watu wa ofisini kwa Nadeem, mnunuzi wa dhahabu, walizungumza sana. Paskazia alirudi kwenye meza yake. Yeye ndiye aliyekuwa akiitunza kompyuta kuu ya kampuni, seva iliyounganishwa na intaneti kwa dishi la juu ya paa. Humo mlikuwa na ukurasa uliofungwa kwa neno la siri, ulioonyesha gari litatoka lini kupeleka fedha za kununulia dhahabu Nyarugusu, na litapita wapi. Nadeem aliuweka ili kaka yake aliyekuwa Mwanza na tajiri wa Dubai aliyetoa mtaji wausome. Kutaja njia kwenye redio ya upepo, ile ya kuzungumza na dereva, alikataza kabisa.

Paskazia alipopekua kumbukumbu za seva alimwona mgeni. Mtu ambaye hakuwa Mwanza wala Dubai alikuwa ameufungua ukurasa ule siku moja kabla ya basi kusimamishwa, na hakuulizwa neno la siri. Akamwandikia rafiki aliyesoma naye chuo Dar es Salaam. Jibu lilikuwa fupi. Programu ya seva ina tundu. Mtu akiiandika anwani kwa namna fulani, inasahau kuuliza neno la siri. Walioitengeneza wametoa kiraka cha kuliziba. Kiweke leo.

"Bosi, kuna mtu anatusoma," alisema akiwa mlangoni, kwa sauti ndogo kiasi kwamba Nadeem alizima feni ili amsikie.

Alieleza. Nadeem alisikiliza akisugua kipaji cha uso.

"Weka hicho kiraka. Lakini mashine usizime."

"Basi tuuondoe ule ukurasa kwanza, bosi."

"Mwenye mali anataka kuona mali yake inapita wapi. Na mashine usizime, nakwambia mapema. Hapa umeme unakuja na kuondoka kama homa. Mashine yangu haijalala tangu ilipofungwa. Nimeinunulia jenereta, nimeinunulia betri. Mke wangu anasema ningemtunza yeye hivyo, angenenepa."

Alikuwa akiwaleta wageni waitazame ikiwaka taa yake ya kijani wakati mtaa mzima uko gizani.

Kiraka kilishuka kutoka intaneti kidogo kidogo, mchana kutwa. Paskazia alikiweka, kisha akaiuliza programu toleo lake. Ilitaja namba mpya. Akaenda kumwambia Nadeem, na Nadeem akaandika safari ya kesho.

Asubuhi Paskazia alimkuta Maduhu uani akigonga matairi kwa rungu. Dereva huyo alikuwa akisafiri peke yake, maana Nadeem aliamini gari lisilo na askari halimvutii mtu.

"Shikamoo, Baba Vumilia."

"Marahaba, mayu," alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Umeziba tundu lako?"

"Nimeziba."

"Maana wakiniua huko, nitahamia kwenye kompyuta yako. Kila ukibonyeza, naguna."

"Usiseme hivyo, baba."

"Nakutania. Ukisema limezibwa, napita Kakola kama bosi alivyopanga. Ile njia ya Geita inanivunja kiuno."

Akamtazama usoni, akingoja. Paskazia aliitikia kwa kichwa. Gari likatoka.

Jua lilikuwa limeshakuwa kali umeme ulipokatika. Mashine ya kusaga ya ng'ambo ya barabara ilinyamaza, na kompyuta ya mhasibu ikazimika. Taa ya kijani ya seva haikutikisika. Umeme uliporudi, Paskazia alisimama nyuma ya mhasibu akiitazama kompyuta ile ikijisoma upya, mstari baada ya mstari, ikianza mwanzo.

Ndipo akaelewa.

Kiraka kilikuwa kwenye diski tu; mpaka mashine izimwe na kuwashwa upya, hakifanyi kazi. Namba aliyoiona ilikuwa ya programu iliyolala kwenye diski. Iliyokuwa ikifanya kazi ni ile ya zamani, iliyowashwa siku dishi lilipofungwa na haijazimwa tena ili isome jambo jipya. Kokote kwingine mjini, umeme ungekuwa umeshaizima.

Alikaa kwenye kompyuta ya mhasibu na kuiandika anwani kama mgeni angeiandika. Ukurasa ulifunguka bila kumuuliza kitu. Akatazama kumbukumbu. Yule mgeni alikuwa ameshapita alfajiri, kabla Maduhu hajaliwasha gari.

Alichomoa waya wa seva ukutani, kisha wa betri. Nadeem alikuja akipiga kelele, akauokota waya wa seva. Paskazia alikuwa ameshaenda kwenye redio, ambayo hakuwahi kuigusa kwa aibu ya kusikiwa na watu.

"Baba Vumilia, unanisikia?"

"Nakusikia, mayu. Leo umeiacha kompyuta? Paza sauti, unaongea kama bibi harusi."

"Uko wapi?"

"Bosi kakataza kutaja."

"Wanajua tayari."

Redio ilikoroma. Maduhu aliposikika tena hakuwa na haraka.

"Hapa kuna matawi barabarani, ile alama yetu ya gari bovu. Kuna mwenzetu ameharibikiwa. Naona lori limekaa kwenye kona, dereva ananipungia. Nadhani anataka jeki."

"Usisimame. Geuza."

"Mayu, dereva hampiti dereva mwenzake. Siku nikikwama mimi, nani atasimama?"

"Tundu halikuzibwa, baba. Lile lori linakungoja wewe. Geuza."

Maduhu alikuwa amebaki na kidole kwenye kitufe cha redio, maana walisikia gia ikilia, injini ikivuma, mawe yakigonga chini ya gari. Nadeem alisimama ameushika waya wa seva mkononi. Paskazia aliongeza sauti ya redio.

Kisha sauti ya Maduhu ikaja, ya chini, bila utani.

"Nimegeuza, mayu. Sasa huku nyuma nako wamelaza matawi. Nilipopita hayakuwepo."