Sauti ya Wimbo wa Sita

Albamu ilikuwa na wiki tatu tangu itoke, na Lorne Makela alishachoka kuambiwa habari zake. Ana miaka sabini na miwili, ameimba roki tangu nywele zinamfika mabegani, na leo kila mwenye simu amekuwa mwalimu wake. Gazeti moja la Toronto lilisema mzee amezaliwa upya. Jingine likasema amewakodishia jina lake watoto kumi na mmoja, maana kila wimbo ulikuwa kolabo, na mshirika mkubwa kuliko wote hakufika miaka thelathini. Mashabiki wa zamani walimtukana mitandaoni kwa sababu ya rapa wa wimbo wa pili, huku wajukuu zao wakiucheza wimbo huohuo harusini. Dada yake alipiga simu akasema ameipenda, kisha akazungumzia paka wake nusu saa nzima.

Jambo moja tu waliafikiana wote, waliosifu na waliotukana: mwisho wa wimbo wa sita, pale sauti inapopanda, ikapanda tena, ikakaa hukohuko juu bila kutetemeka. Koo la Makela, waliandika, halijui uzee.

Koo la Makela lilikuwa halijafika pale kwa miaka tisa. Ile ilikuwa sauti ya Tobin, kijana wa Winnipeg aliyeshirikishwa katika wimbo ule. Hawakuwahi hata kuonana; kila mmoja alirekodi kwao, vipande vikaja kuunganishwa. Prodyuza alipompigia kumwambia kwamba Tobin anaweza kumwigiza bila mtu kujua, Lorne alijibu fanyeni tu, kama anayeagiza kahawa.

Sasa meneja wake, Maxine, alitaka jibu kabla ya Jumatatu: ziara ya miji ishirini na miwili, na kila wakifika kwenye wimbo wa sita ile sauti itatoka kwenye mashine, yeye kazi yake kufungua kinywa. Lorne hakuwa mtakatifu. Alitaka kwenda. Ila kwanza alitaka kumpima mtu mmoja. Kama Réjean hatagundua, basi hakuna atakayegundua, na yeye ataondoka na moyo mweupe.

Ndiyo maana Jumamosi asubuhi alikuwa Sudbury, ndani ya pikapu ya Réjean Thibault, mpiga gitaa aliyeanzisha naye bendi, wanapeleka taka dampo. Bendi yao haikuwahi kuamulia studio kama wimbo umepita. Waliuweka kwenye redio ya pikapu ya Réjean, wakaenda nao dampo, na wakifika getini kabla hajasema kitu, wimbo ulirudi kufanyiwa kazi. Réjean alikuwa akisema studio kila kitu kinasikika kizuri. Spika yake moja ilikwaruza, na hiyo ndiyo aliyoiamini. Katika miaka arobaini, sifa kubwa aliyowahi kumpa Lorne ilikuwa “inapita”.

Kwenye albamu hii hakuitwa. Wote wawili walilijua hilo, na hakuna aliyeligusa.

Wimbo wa kwanza Réjean aliguna. Wa pili aliuliza huyo rapa ana haraka ya kwenda wapi. Wa nne alisema gitaa limepigwa na mtu aliyeshiba. Ulipofika wa sita alianza kupunguza mwendo, na sauti ilipopanda mara ya pili alisogeza gari pembeni akasimama.

“Rudisha,” alisema.

Lorne akarudisha. Réjean alisikiliza akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili, kisha akajifuta pua kwa glavu.

“Nilishakuzika, Lorne,” alisema. “Nilisema huyu jamaa kaisha, hao watoto wanamburuza tu. Nisamehe, bwana. Hujawahi kuimba hivyo. Hata tukiwa na miaka thelathini, hujawahi.”

Akaendelea kusema atakata tiketi akae mstari wa mbele, yeye ambaye hakuwa ameingia ukumbini tangu amzike mkewe. Lorne alikuwa amepata kile alichokifuata. Kilichobaki ni kusema asante, na asante ilikataa kutoka. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

“Réj, pale si mimi.”

“Pale wapi?”

“Mwishoni. Ni yule kijana. Kaniigiza.”

Réjean alizima redio. Akaendesha mpaka getini, akaingia, akasimama mbele ya rundo la friji mbovu.

“Sasa umeniambia ya nini?”

“Ulikuwa unalia.”

“Acha nilie. Ningekufa na imani hiyo vizuri tu.” Akashuka, akaanza kupakua mifuko peke yake.

Lorne alimpigia Maxine hapohapo. Alimwambia hataki mashine: nyimbo zishushwe mpaka pale koo lake linapofika, au haendi. Maxine alimjibu kwa upole, na upole wenyewe ukamchosha zaidi. Watu wanakata tiketi kwa ajili ya ile sauti, alisema. Bila hiyo, kumbi hazijai. Basi hakuna ziara, akasema Lorne, akakata simu. Hakujiona shujaa. Alijiona mzee aliyepoteza kazi.

Alimkuta Réjean anavutana na godoro lililolowa, hamtazami.

“Miaka arobaini nimekubania sifa,” Réjean alisema. “Zilikuwepo, na zilikuwa zako. Siku nimezitoa, nimempa kijana wa Winnipeg.”

Lorne alimwomba amtajie wimbo mmoja tu, wowote, aliokuwa amemsifu kimoyomoyo. Réjean alisimama akafikiri, pumzi zikimtoka kama moshi kwa baridi.

“Nimesahau,” alisema.

Lorne hakujua kama anaadhibiwa au ni uzee tu. Akashika upande wa pili wa godoro.