Maji ya Mlangoni kwa Maimuna

Goti langu la kulia lilivimba wiki ileile Maimuna alipofungua duka la khanga kwenye fremu iliyopakana na yangu. Mimi si mtoto. Nikajua nimekanyaga kitu.

Kila asubuhi yule mama alimwaga maji mlangoni kwa kopo huku midomo inamcheza. Maji yalitiririka mpaka kwangu. Basi nikawa nayaruka, na mzigo wa mabegi begani.

Mke wangu, Elieshi, akasema, "Feni hiyo inakupiga usiku kucha. Baridi yabisi hiyo." Nikazima feni. Tukalowa jasho, goti palepale.

Kasmir wa viatu, ng'ambo ya barabara, akanicheka. "Mangi, mbuzi wote wa Msimbazi umewamaliza wewe! Punguza nyama."

Nikala mchicha wiki tatu. Goti palepale. Akabaki Maimuna.

Nikamwambia dalali atafute mtu wa kuchukua fremu yangu. Miaka kumi na moja pale Kariakoo, naondoka kwa sababu ya kopo la maji. Mteja angekuja Ijumaa.

Jumatano nikashindwa kuvumilia. "Jirani, hayo maji unayasomea nini?"

"Naomba riziki, natuliza vumbi. Wewe ulidhani nini?"

"Goti langu."

Akashika kiuno. "Goti? Mie yangu yote mawili, mwaka wa sita! Na wewe unavyoruka mlangoni kwangu kila siku kama unavuka kaburi, nikasema huyu Mangi ananifanyia mambo. Nenda kapige picha, baba."

Alhamisi nikaenda hospitali, nikaeleza habari za feni na za jirani. Daktari, binti mdogo tu, akaonyesha picha: gegedu la kati ya mifupa limelika. Akauliza kama niliwahi kuumia. Nikakumbuka nilivyoanguka ngazini na robota la mitumba, nikiwa kijana.

"Limeanzia hapo, mzee. Si feni, wala si mtu. Mizigo begani basi. Na usiruke-ruke."

Nikamtazama. Habari za kuruka sikuwa nimemwambia.

Ijumaa asubuhi nikampigia dalali, nikamwambia mteja asubiri mwezi mmoja. Nilipofika dukani maji yalikuwa bado hayajakauka. Maimuna amesimama na kopo, anautazama mguu wangu.

"Pita, Mangi. Hayang'ati."

Nikasimama kidogo. Kisha nikayakanyaga kwa mguu wa kushoto, ule mzima.

Huo nao ukivimba, nitajua pa kuanzia.