Sekunde Nne Kwenye Kioo

Mnyonya damu alikuwa akitembea kwenye jua kali, kivuli chake kimemtangulia ukutani kama mtu mwenye haraka. Filamu ilisema ni usiku wa manane. Marehemu kaka yangu alikuwa amebandika karatasi ya buluu mbele ya kamera, akaridhika kwamba giza limeingia.

"Hapa hapatengenezeki," alisema mhariri, rafiki yake tangu shuleni, akisimamisha picha. Tulikuwa chumbani kwake, mapazia yamefungwa, feni inapiga kelele kuishinda filamu yenyewe.

Nilikuwa nimechoka nayo. Miezi mitano tangu tumzike kaka, filamu hii ilikuwa imeniganda kama kupe. Ukumbi wa maktaba ulikubali kuionyesha, lakini kamati yao iliandika ukurasa mzima: mazuri machache, kasoro tele. Damu ni sharubati, na nzi wanaonekana wakiifuata. Mjomba wetu, fundi cherehani aliyeigiza mnyonya damu, alishindwa kuzungumza na yale meno ya plastiki, kwa hiyo anatishia watu kwa kitembe. Sauti zinafika midomo ikiwa imeshafungwa. Yote hayo waliyasamehe. Kosa moja tu walitaka likatwe, la sivyo filamu haionyeshwi, na mhariri alihitaji jibu langu siku ile, maana vitu vya kaka niliachiwa mimi.

Kabla ya kulifikia, tulipita mahali ambapo hata kamati ilisifu. Mnyonya damu hawezi kuingia nyumba ya mtu bila kukaribishwa. Basi anapiga hodi. Mama mwenye nyumba yuko jikoni, mikono imejaa unga, hata hajageuka. Mdomo unajibu wenyewe: karibu. Halafu anang'amua alichokisema, na adabu inamzuia kukirudisha. Mjomba anavua viatu mlangoni. Nimeiona mara kumi na bado mwili hunisisimka. Mtu aliyebuni hilo alishindwaje kungoja jua lizame?

"Ndiyo hii sasa, dada," alisema mhariri.

Chumba cha kulala, kabati letu lenye kioo. Mnyonya damu haonekani kwenye kioo, na kaka alihangaika asubuhi nzima akisogeza kamera hadi mjomba akapotea. Alifaulu. Kioo hakikumwonyesha mjomba. Kilimwonyesha kaka mwenyewe: kifua wazi kwa joto, kamera begani, kalamu sikioni, ulimi umechungulia pembeni mwa mdomo, kama alivyofanya tangu alipokuwa akijifunza kuandika.

"Ni sekunde nne," alisema mhariri. "Nikizitoa, filamu inapita, jina lake linasomwa ukumbini. Si ndicho alichokitaka?"

Ndicho alichokitaka, na hilo ndilo lililoniudhi. Alirekodi harusi zote za ukoo, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukumbuka kumrekodi yeye.

"Ungevaa hata shati, wewe," nilimwambia yule wa kwenye kioo. Mhariri alianza kucheka, akaacha.

Akasema kwa upole kwamba angenitumia kile kipande kwenye simu, nibaki nacho. Nilifikiria. Kwenye simu angekuwa mtu asiye na shati akihangaika na kitu kisichoonekana. Pale alikuwa kazini.

"Usikate," nilisema.

"Wataikataa, dada."

"Basi tutawaomba wengine."

"Na hao wengine watacheka."

"Wacheke. Alikuwa anachekesha."

Alijikuna kichwa, akavuta pumzi, akasema sisi ukoo mzima ni wagumu namna hii. Sikumbishia. Nilimwomba aturudishe nyuma, na safari hii apunguze mwendo.

Picha ilisogea taratibu. Kwenye kioo, kaka aliinua kidole kimoja, akamwashiria mjomba asogee kushoto kidogo. Mnyonya damu akatii.