Makofi ya Fundi

Jua likielekea kuzama, Fundi alikuwa ameinamia gauni la kijani, la kitambaa kile kinachoteleza ambacho usipokibana vizuri kinakutoroka mkononi. Pini alikuwa amezibana mdomoni, kama wafanyavyo mafundi wote, na mguu wake ulikanyaga cherehani polepole. Gauni halikuwa lake. Lilikuwa la Chiriku, mwimbaji wa bendi ya mumewe, na lilitakiwa ukumbini kabla taa hazijawashwa.

Chiriku mwenyewe alikuja kulipima, akasimama katikati ya chumba amenyoosha mikono.

"Dada, hapa kwapani pananibana."

"Umenenepa."

"Mimi? Wiki iliyopita palikuwa sawa."

"Basi umenenepa wiki hii."

Chiriku akacheka. Alikuwa na cheko jepesi, la mtu asiyeweka kitu moyoni. Alipochomwa na pini hakulalamika, na kabla ya kuondoka aliacha mezani karanga alizomnunulia Fundi njiani, zimefungwa kwenye karatasi. Fundi alizipeleka kwa jirani. Mbele za watu alimwita Chiriku kama wote walivyomwita. Akiwa peke yake alimwita Kasuku, kwa sababu kasuku huimba maneno ya watu.

Mtaa wao ulikuwa wa zamani sana. Nyumba zilikuwa zimeinamiana hivi kwamba majirani wa ghorofani waliweza kupeana chumvi dirishani. Mchana ulikuwa mtaa wa kufua, kuanika na kugombana. Jioni uligeuka. Meza zilitolewa nje, taa za rangi zikafungwa kwa kamba, maana manispaa ilikataza kupigilia msumari kwenye kuta za kale, na wageni wakaja kutoka mjini wamejipulizia manukato. Ukumbi wa muziki ulikuwa zamani ghala la ngozi. Siku za mvua ngozi zilinuka upya, na watu walicheza hivyo hivyo.

Mume wa Fundi alipiga gitaa na ndiye aliyeianzisha bendi. Watu wote walimwita Kiongozi, hata mama yake mzazi.

Nyimbo zilikuwa za Fundi. Alipokuwa akishona, mguu ukishapata mwendo, wimbo ulikuja wenyewe, naye aliuimba kwa sauti ndogo, kama anauimbia uzi. Kiongozi akiwa mezani na chai yake huinua kidole.

"Hebu rudia hapo."

Fundi hurudia.

"Hapo, hapo, pa mwisho."

Jioni wimbo tayari una gitaa, na kabla ya wiki kwisha wauza maji barabarani wanaupiga mluzi. Walipooana, Kiongozi alikuwa akisimama jukwaani na kusema, "Huu ni wimbo wetu." Miaka ikapita, akaanza kusema, "Huu ni wimbo wangu." Neno lilibadilika kidogo tu. Lakini Fundi kazi yake ilikuwa kuona mshono uliohama kwa upana wa uzi, na siku neno lilipobadilika alikuwa amekaa kiti cha mbele. Hakumwambia kitu mumewe. Aliacha kwenda ukumbini, na akaanza kumchukia Chiriku.

Ilikuwa rahisi zaidi hivyo. Mume unalala naye, unamfulia, unajua anavyokohoa. Mwimbaji unampima kiuno tu.

"Leo Chiriku kaua," Kiongozi alizoea kusema akirudi. "Watu wamesimama."

"Wamesimama kwa wimbo gani?"

"Si ule wangu wa mlango."

Wimbo wa mlango Fundi aliutunga siku mama yake alipoondoka baada ya kumtembelea kwa mara ya mwisho. Alimsindikiza, akarudi, akashindwa kuufunga mlango mpaka giza likaingia ndani pamoja na mbu.

Basi jioni ile ya gauni la kijani, Chiriku alipokwisha kwenda, Fundi alichukua suruali ya mteja akaanza kuipunguza. Dirisha lilikuwa wazi. Kutoka mtaa wa pili alisikia wimbo wa mlango ukianza, akausikia ukipanda, ukashuka pale alipoushusha yeye mwenyewe, ukaisha. Kisha makofi. Yalikuwa mengi, kama mvua ya kwanza kwenye bati. Wivu ukampanda. Alimwona Kasuku akiinama ndani ya kijani kile, mabega yakimeta.

"Na mimi nipigiwe makofi," alisema, "hata mara moja."

Ndivyo alivyotaka kusema. Lakini pini zilikuwa bado mdomoni, na irabu moja haikupata pa kupita. Lililotoka lilikuwa, "Nipigwe makofi."

Kesho yake jioni makofi yalikuja. Ukumbini wimbo wa kwanza ulipokwisha, watu walipiga viganja na hakuna kilichosikika. Sauti ilikuwa imekwisha kutoka mlangoni. Muuza kahawa wa pembeni aliyaona makofi yakija, akavuta birika lake ukutani ili yapite. Yalikata kona, yakapanda ngazi, yakaingia dirishani na kumpiga Fundi mashavuni.

Hayakuwa ya nguvu. Wimbo wa kwanza watu huwa hawajachangamka. Lakini ulipofika wimbo wa mlango ilibidi ashike cherehani kwa mikono miwili. Alivumilia mpaka mwisho, na katika kuvumilia akagundua jambo. Katikati ya jioni bendi ilipiga wimbo wa gari moshi, ambao Kiongozi aliutunga mwenyewe, na mashavu yake yalipumzika. Makofi ya gari moshi aliyasikia kwa mbali, yakibaki huko huko ukumbini.

Asubuhi alikuwa amevimba. Bibi wa ghorofa ya chini, aliyemjua tangu aingie mtaa ule akiwa bibi harusi, alimkamata kwenye ngazi.

"Mjukuu wangu, hii nini?"

"Makofi, bibi."

"Naona ni makofi. Sijazeeka macho. Ya nani?"

"Ya watu wa ukumbini."

"Wote?"

"Walioupenda wimbo."

Bibi akashusha pumzi. "Afadhali. Nilidhani ni mumeo, na nilishatafuta mchi."

Aliingia ndani akarudi na kitambaa cha maji baridi, akamkanda shavu moja, kisha la pili, bila haraka, mpaka maji yakawa vuguvugu. Wakati akimkanda alimuuliza aliomba vipi. Fundi akamweleza.

"Na pini mdomoni?"

"Na pini mdomoni."

"Utamezwa na kazi hiyo! Toa pini, uombe upya."

Fundi akazitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake, akafuta midomo. "Nipigiwe makofi," alisema, na kila herufi ikatoka ilivyo.

Jioni yalikuja tena, lakini hayakumgusa. Yaliingia yakajaa chumba, yakatikisa nyuzi kwenye rafu, yakatua juu ya vitambaa na kuruka tena. Fundi alisimama. Hakujua mikono aiweke wapi. Mwishowe akainama kidogo kuelekea kabati, kwa kuwa ndilo lililokuwa mbele yake, na makofi yakaongezeka. Usiku huo alilala bila kumfikiria Chiriku hata kidogo, na haikuwa imetokea kwa muda mrefu.

Ukumbini mambo yalikuwa magumu. Watu walipiga viganja mpaka vikawa vyekundu, na kimya kilikuwa kile kile. Wengine walimlaumu mwenye ukumbi kwa dari lake. Waliomjua muuza kahawa walimuuliza, naye akawaonyesha njia kwa kidole, kwa sababu hakuna aliyemwambia kuwa ni siri. Kiongozi alitoka wakati wa mapumziko, gitaa bado begani, akafuata kidole hicho mpaka nyumbani kwake.

Alisimama mlangoni. Makofi ya wimbo wa mwisho kabla ya mapumziko yalikuwa bado yanatulia kwenye mapazia.

"Kumbe yako hapa," alisema.

"Yamekuja yenyewe."

"Ya nyimbo zangu zote?"

"Ya gari moshi yamebaki kule. Niliyasikia."

Kiongozi akakaa kitandani. "Machache," alisema.

"Ndiyo. Machache."

Alimtazama mkewe kwa jicho ambalo Fundi alilijua vizuri, ingawa hakuwahi kuliona usoni kwa mumewe. Alilijua kutoka ndani. Ni jicho ambalo yeye mwenyewe alimtazamia Chiriku kila alipompima mabega.

"Yarudishe," Kiongozi alisema.

"Sema jukwaani nyimbo ni za nani. Yatarudi."

"Mke wangu, watu wameshazoea."

"Wamezoea nini?"

"Wamenizoea mimi."

Fundi alikata uzi kwa meno, na Kiongozi akarudi kumalizia onyesho katika kimya.

Siku mbili Kiongozi alitembea akiwaza. Siku ya tatu aliamka mchangamfu, akamchemshia mkewe chai, jambo ambalo alilifanya vizuri alipokumbuka.

"Unakaa hapa peke yako jioni zote kwa nini?" alimwambia. "Uje ukumbini. Uje na cherehani. Jukwaa ni lako pia."

Fundi aliweka kikombe chini. "Utasema?"

"Wewe njoo tu."

Kiongozi aliifunga cherehani kwa blanketi, akaibeba mwenyewe begani kupita mitaa yote miwili, na kila alipopumzika aliituliza taratibu, kama mtoto aliyelala. Fundi aliyaona hayo kutoka dirishani, akamhesabia. Nyumbani alitoa mabaki ya kile kitambaa cha kijani, akayaunga kipande kwa kipande kwa sindano ya mkono, akajishonea gauni. Mishono ilikuwa mingi, lakini alivyoipanga ungesema ni mtindo. Alijipaka mafuta. Alijizoesha mbele ya kioo namna ya kusimama mtu anapotajwa.

Jioni alikuta cherehani imewekwa nyuma ya pazia.

Kulikuwa na kiti, taa ndogo, na nafasi ya miguu. Pazia lilikuwa zito, la rangi ya damu ya mzee, limefika mpaka chini. Fundi alisimama akiligusa kama anayepima bei yake. Chiriku alikuja akiwa na mto wa kukalia, akauweka kwenye kiti, akaupigapiga ili uvimbe.

"Kiti hiki kinauma, dada. Nakijua." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Wimbo wa mlango ni wako, sivyo?"

"Nani kakwambia?"

"Nani aniambie? Mwanamume hatungi wimbo wa kushindwa kufunga mlango. Yeye hakumbuki hata kama aliufunga."

Fundi akacheka kabla hajajizuia. "Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Chiriku alivuta gauni lake kwapani, akakunja uso, akalivuta tena. "Mimi nilikuwa nakuonea wivu," alisema. "Ukienda nyumbani unakwenda na kitu chako kichwani. Mimi hata hili gauni ni la bendi."

Fundi akamgeuza, akachukua mkasi, akaufumua mshono wa kwapa na kuuachia kiasi kilichotakiwa tangu mwanzo. Chiriku akavuta pumzi ndefu, akaenda kuimba.

Aliimba vizuri kuliko siku zote, na Fundi akasikia ya kwamba ni kweli, sauti ile ilikuwa nzuri, na wimbo ulikuwa umekaa ndani yake bila kubanwa. Wimbo wa mlango ulipokwisha, makofi yaliinuka kutoka kwenye viti vyote. Yalipita juu ya kichwa cha Kiongozi, yakapenya pazia, yakamzunguka Fundi mabegani na magotini, yakalia hapo kwa furaha. Kwa kuwa alikuwa hatua chache tu kutoka jukwaani, watu waliyasikia vizuri. Walifurahi kwamba dari limetengenezwa.

Fundi alikuwa amekwisha kusimama. Alikuwa amenyoosha gauni.

Kiongozi alisogea mbele, mkono kifuani. "Asanteni, asanteni," alisema. "Huo ni wimbo wangu."

Na akainama.

Chiriku aliwageuzia watazamaji mgongo na kuliinamia pazia. Watu walidhani ni mtindo mpya, wakaupenda, na tangu hapo usipofanywa huudai.

Mambo yakatulia hivyo. Kila jioni Fundi huenda ukumbini mapema na kazi za wateja, maana mwanga wa ile taa ndogo unafaa kwa upindo. Chiriku humletea karanga, nao huzila pamoja wakati wa mapumziko, wakitupa maganda kwenye karatasi moja. Muuza kahawa amerudisha birika lake katikati ya kona. Nyimbo mpya zinaendelea kuja, kwa sababu mguu ukipata mwendo hauulizi, na kabla ya onyesho kuna mtu huinua kidole na kusema hebu rudia hapo. Fundi hurudia. Mara moja alijaribu kutorudia, na wimbo ukamkaba siku nzima.

Makofi humjia yote. Akitaka anaweza kuyashika, yana joto kama nguo iliyotoka kupigwa pasi. Wivu nao haukuondoka, ulihama tu. Kila onyesho linapokwisha Fundi husogea kwenye upenyo wa pazia na kutazama mgongo wa mumewe ukiinama mbele ya watu, ukiinuka, ukiinama tena. Koti lile ni yeye Fundi aliyemshonea. Limemkaa vizuri, halivuti popote.