Chini ya Meza ya Mama Saba

Meza ya Mama Saba, miungu saba wa kike wanaolinda watoto, ilifunikwa kitambaa chekundu kilichokaribia sakafu, na chini yake palikuwa na nafasi ya kumtosha mbwa mnene. Jui-an, mwenye ndevu nane alizozihesabu kila asubuhi, alitakiwa kupita humo kwa magoti mara tatu. Ndivyo watoto wa mji wa Tainan, huko Taiwan, wanavyoaga utoto wakitimiza miaka kumi na sita.

"Ukishatoka upande wa pili," bibi yake alimwambia asubuhi akimfunga vifungo vya shati jipya, "hakuna tena wa kukusemea. Neno lako ni neno lako."

Jui-an alikuwa na neno moja ambalo hajawahi kumwambia mtu: aliwapenda wavulana. Alitaka wa kwanza kulijua awe huyu bibi aliyemlea, na bado alimwogopa huyo huyo. Angefanyaje kama bibi angeanza kumtazama kwa jicho jingine? Hata hivyo alikuwa amejiapiza. Siri ile isingetoka naye chini ya meza; angeisema kabla ya kuingia.

Bibi Siok-hun alikuwa ameuza uji wa samaki aina ya mwatiko kwa miaka arobaini, na alisali kama alivyowaita wateja. Hekalu zima lilimsikia.

"Mama Saba! Huyu ni Jui-an, mjukuu wangu, anakaa juu ya duka langu la uji, nyuma ya soko la samaki, mlango wa kijani! Mmemkuza vizuri, asanteni. Sasa mpatieni msichana mzuri, mchapakazi, asiyenuna asubuhi!"

Akarusha vipande viwili vya mbao vinavyoleta majibu ya miungu. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, ombi limekubaliwa. Vyote viwili vikalala chali. Maana yake, Mama Saba walikuwa wanacheka tu, hawajakubali.

"Haya, anaweza kununa kidogo," bibi akasema, akarusha tena. Wakacheka tena.

"Basi hata akiwa mvivu!"

Mara ya tatu, vicheko vile vile. Nyuma yao foleni ilikuwa inarefuka.

"Mama, labda umewapa anwani ya jirani!" mwanamke mmoja akapaza sauti, na watu wakaangua kicheko.

Jui-an naye alicheka, mpaka akahisi machozi yanamlengalenga. Akamvuta bibi mkono wa blauzi.

"Bibi, siyo anwani."

"Sasa ni nini?"

"Ni huyo msichana." Akamsogelea sikioni. "Mimi nawapenda wavulana, Bibi."

Bibi akavitazama vipande vya mbao kiganjani mwake kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

"Tangu lini?"

"Tangu nina miaka kumi na mitatu."

"Miaka mitatu! Na mimi kila mwaka nakuja hapa kukuagizia msichana! Unaniacha nidanganye mbele ya Mama Saba, we mtoto?"

"Umekasirika?"

"Tena sana. Kila siku unakula uji wangu, na hili umelikalia kimya peke yako." Akaishika kola ya Jui-an, akainyoosha ingawa ilikuwa imenyooka, na mkono wake ukabaki pale begani.

Kisha akaigeukia meza na, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akasali kwa kunong'ona. Jui-an hakusikia ila jina lake. Vipande vikaanguka. Kimoja chali, kingine kifudifudi.

"Umeona? Walitaka maelezo kamili tu," bibi akasema, akijifuta macho haraka. "Haya, ingia. Watu wanasubiri."

Akapita mara ya kwanza akiwa amefumba macho, ya pili akiwa amefumbua. Mara ya tatu alipita akicheka peke yake, vumbi la ubani likimwingia puani.

Uani ilimsubiri baiskeli mpya yenye utepe mwekundu, zawadi ya bibi.

"Kile kiti cha nyuma nilimwambia fundi akiweke kwa ajili ya yule msichana," bibi akakiri.

"Nitakitoa."

"Ukitoe kwa nini? Kiti kizuri hicho." Akamkazia macho. "Kwani yupo mtu?"

Macho ya Jui-an yalishakwenda upande wa pili wa ua, ambako Ting-hao, mwanafunzi mwenzake, alikuwa ameketi akimenya yai la sherehe lililopakwa rangi nyekundu, magoti yake bado na vumbi la meza ile ile. Bibi akayafuata macho hayo.

"Yule mwembamba?"

"Bibi, polepole!"

"Nirudi ndani nikamwombee?"

Masikio ya Jui-an yalikuwa yanawaka moto. Akaishika mikono ya baiskeli.

"Hapana. Nitasema mwenyewe."

Akaanza kuikokota kuvuka ua. Katikati ya njia gurudumu liligonga jiwe, kengele ikalia yenyewe, na Ting-hao akainua kichwa.