Boga la Shukrani

Mama Ferdinand alitua Springfield, Virginia, akiwa na kazi moja: kujua kwa nini mkwewe Irene, miaka minne ndani ya ndoa, hajamfanya bibi.

Wiki ya pili akapata jibu. Irene alikuwa na chunusi kidevuni kama msichana wa darasa la saba. Nywele zake ziliziba tundu la bafu. Tangazo la sabuni likipita kwenye televisheni, analia. Na kwenye pipa la chooni hapakuwa na pedi hata moja. Mama alilichungulia kila asubuhi baada ya sala, kwa moyo safi kabisa.

"Ni mimba," akamwambia Mungu, ambaye hakubisha.

Irene hakuulizwa. Jumapili, kwenye ibada ya Watanzania katika kanisa la kuazima, mama alisimama na boga kubwa, akashukuru kwa ajili ya "mgeni aliye njiani." Boga likapigwa mnada kama ilivyo desturi, akalinunua Mchungaji Anatoli mwenyewe. Ferdinand akatazama viatu vyake.

Wakirudi nyumbani, moto uliwaka garini.

"Mama, sina mimba! Niliacha vidonge vya uzazi wa mpango. Huu mwezi wa nne sijaona siku zangu. Nimepima, hakuna kitu. Daktari anasema mwili huchelewa kurudi, nisubiri kidogo. Nasubiri huku naogopa, na wewe unanitangazia mgeni!"

"Vidonge? Miaka yote?"

"Yote."

"Na mimi kule nyumbani nafunga kila Ijumaa, nakesha na maombi!" Mama akahesabu Ijumaa zake kwa vidole. "Kumbe vina nguvu hivyo."

Ferdinand akacheka.

"Wewe ulijua?"

"Mama, naendesha gari."

Usiku huo mama alimsikia Irene akilia chooni, na safari hii hapakuwa na tangazo la sabuni. Asubuhi akamvuta mkono mezani.

"Tuombe. Unataka nini hasa?"

"Hedhi, mama."

"Nilitaje hilo mbele ya chai?"

"Aliyeiumba si anaijua?"

Mama akafumba macho, akalitaja.

Zikapita Jumapili kadhaa. Siku moja, matangazo yakisomwa kanisani, Irene alishika tumbo akatoka. Aliporudi alikuwa amejifunga kanga kiunoni. Akamwinamia mama sikioni: "Imekuja."

Kigelegele kilimtoka Mama Ferdinand katikati ya habari za paa linalovuja.

"Mama, tunashukuru paa?" akauliza mchungaji.

"Ni mambo ya kike, Mchungaji. Wewe tafuta wimbo."

Wanawake wakaitazama kanga, wakamtazama Irene anayecheka huku machozi yanamtoka. Wakaelewa, wakaitikia vigelegele ukumbi mzima. Mchungaji akasogea, akanong'ona:

"Na yule mgeni wa boga? Maana boga nimeshalila."

"Mwenye nyumba ndiyo kwanza amerudi," akasema Mama Ferdinand. "Mgeni atamkuta." Akajaza kifua hewa, akapiga kigelegele kingine.